Tumbo Lililoponea Ngomeni

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 27, mkaguzi msaidizi wa hesabu katika kampuni moja ya Nakuru. Kila baada ya miezi mitatu ofisi yetu hutuma watu Mombasa kuhesabu mali iliyo kwenye godauni huko Changamwe. Safari iliyopita zamu iliniangukia mimi kwa mara ya kwanza. Shangazi, nilikuwa sijawahi kuona bahari. Nimezaliwa Njoro, nimesoma Njoro, na maji mengi niliyoyajua ni ya Ziwa Nakuru, tena kwa mbali. Nilipoambiwa naenda Mombasa sikupata usingizi. Mama naye akasema: niletee leso ya huko, si hizi za hapa zinazochuja ukizifua mara moja.

Tulikwenda watatu: mimi, Madam ambaye ni mkuu wa kitengo chetu, na dereva. Hatujafika hata Mtito Andei, Madam akatuambia, "Tunaenda kazini, hatuendi kutalii." Na siku mbili za kwanza zilikuwa hivyo. Saa moja na nusu asubuhi tuko garini, saa kumi na mbili jioni tunatoka godauni na vumbi mpaka kwenye kope, tunakula, tunalala. Hoteli yetu ilikuwa mjini, si mbali na Pembe za Ndovu, yale matao makubwa ya barabarani. Nilizipita kila siku nikiziangalia kwa dirisha la gari kama mtoto aliyekatazwa kushuka.

Jumatano kazi ikakwama. Kontena tulilokuwa tunalisubiri lilichelewa kutoka bandarini, na ilipofika saa sita mchana tukaambiwa halifiki mpaka kesho yake. Madam alibaki na makaratasi yake, akaniambia nisiende mbali, huenda akanihitaji. Hapo ndipo shetani alipoingia. Nikasema tumbo linanisokota, naomba nikalale. Alinihurumia kabisa, hata akanipa vidonge vyake, akamwambia dereva anipeleke hotelini. Njiani nikamwomba dereva anishushe Ngomeni, pale Fort Jesus.

Nilikaa kule kwa muda wa saa tatu. Nilisimama juu ya ukuta upande wa bahari, upepo ukanipiga, nikalia bila kujua ninalia nini. Kisha nikafanya upuzi: nikapanda mzinga, nikapigwa picha, nikaibandika kwenye statasi ya WhatsApp. Nilisahau kuwa Madam ana namba yangu. Usiku mezani hakusema kitu ila maneno manne tu: "Tumbo limepona haraka sana."

Tangu hapo ofisini naitwa Mtalii. Madam akitaka jambo ananiandikia, hasemi nami kwa mdomo. Amenitaka nirudishe shilingi 2,000 za posho ya siku ile, nimpe yeye azifikishe kwa wahasibu. Dereva aliondolewa safari za Pwani, lakini hayo ni ya idara yao.

Hasara nyingine nilijitakia. Pale mlangoni Ngomeni kijana mmoja alinidaka akanitembeza mbio mbio, bei hakusema, mwishowe akadai 3,000. Nikampa 2,500 kwa aibu. Jioni nikapita Marikiti nikanunua kikopo cha zafarani kwa 300. Mama akaitia kwenye pilau, wali ukatoka rangi ya chungwa na ladha ya nyasi kavu. Leso sikupata hata nafasi ya kuitafuta.

Sasa jina langu limetoka tena kwa safari ya mwezi ujao, siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa, na Madam ndiye mkuu wa safari. Je, nilikosa kutaka kuona mji niliotumwa? Pesa nirudishe? Na nikifika nijifungie chumbani niangalie dari, au kuna njia ya kuiona Mombasa nikabaki na kazi yangu?

Mtalii wa Njoro

* * *

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka hapo pa tumbo. Mara ya pili nikakwama kwenye sentensi uliyoipitisha mbio kama mtu anayevuka barabara ya Digo saa za jioni: "Dereva aliondolewa safari za Pwani, lakini hayo ni ya idara yao."

Si ya idara yao, ni yako wewe. Mtu huyo alipewa amri moja, akupeleke hotelini. Wewe ndiye uliyemgeuza njia, na gari la ofisi chini yake. Kwa dereva safari ndefu ndiyo yenye posho, na posho ndiyo karo ya watoto. Wewe umepata jina la utani na jina lako bado liko kwenye orodha. Yeye hayumo. Fikiria pia lori lingewagonga pale Makupa mkielekea kisiwani: kitabu cha gari kinasema mgonjwa anapelekwa kulala, na gari liko njia ya Ngomeni. Nani angejibu? Si wewe.

Kwa hiyo kabla ya Madam, kabla ya zile 2,000, kabla ya leso ya mama, anza na dereva. Kwanza mwenyewe, uso kwa uso, umwombe radhi. Kisha umwandikie mkuu wake barua fupi, mistari mitano yatosha: kwamba siku ile wewe ndiye uliyeomba kushushwa Ngomeni, kwamba yeye alidhani una ruhusa au hakuwa na namna ya kukukatalia (andika iliyo kweli, usimtungie), na kwamba unaomba asiadhibiwe kwa kosa lako. Nakala mpe Madam. Barua hiyo itakuumiza kidogo, najua, kwa sababu inaweka uongo wako kwenye karatasi. Iandike hivyo hivyo.

Sasa swali lako la kwanza. Kutaka kuiona Mombasa si kosa, na hapa mimi nina ubishi wangu na maofisi. Wapo watu wanaojisifu, "Mombasa nimekwenda mara kumi na mbili," ukiwauliza umeona nini, wanakutajia jina la hoteli na ugali wa godauni. Huo si uadilifu hata kidogo. Saa za kazi ni za mwajiri, na akizilipa ana haki nazo zote. Saa za jioni, alfajiri na siku ya mapumziko ni zako, iwe uko Njoro au uko Mvita, yaani Mombasa. Anayekwambia "hatukuja kutalii" ana haki ya kukwambia hivyo saa nne asubuhi. Saa mbili usiku hana.

Ila Jumatano ile saa saba mchana haikuwa yako. Uliambiwa usiende mbali. Kazi kukwama na kazi kwisha ni mambo mawili. Ungemwambia, "Madam, kontena haliji leo, naomba nikaone Ngome, simu iko wazi, ukiniita narudi," angeweza kukataa, na ungekaa ukasononeka mchana mmoja. Angeweza pia kukubali. Nani ajuaye, pengine naye amepita mlangoni pale miaka yote hajawahi kuingia. Sasa hatutajua. Na jambo linalomchoma, naamini, si zile saa tatu wala picha ya mzinga, ni vile vidonge. Alikupa dawa yake mwenyewe. Mtu akikuhurumia kisha akajiona mjinga kwa huruma yake, hapo ndipo anapoacha kusema na kuanza kuandika.

Basi nenda kwake. Usimpelekee zawadi, itanuka rushwa. Mwambie maneno machache, usimame wima, usilie: "Madam, siku ile sikuwa naumwa. Nilikudanganya, ukanihurumia, na dereva ameumia kwa sababu yangu. Nimemwandikia mkuu wake. Naomba unisamehe." Baada ya hapo nyamaza. Usianze kueleza habari ya bahari na utoto wako Njoro, ingawa ni ya kweli, kwa kuwa itasikika kama unaomba tuzo. Na siku hiyo hiyo usigusie safari ijayo. Liache lipoe, hata wiki nzima.

Ama zile 2,000, taratibu. Posho ya safari hulipia chakula na kitanda, na siku ile ulikula na ulilala, kwa hiyo sioni deni lililo wazi. Hata hivyo kila ofisi ina kanuni zake, omba uonyeshwe yenu. Ikiwa kanuni inasema urudishe, rudisha siku hiyo hiyo bila kununa, lakini zilipe kwa wahasibu, upewe risiti. Mkononi mwa mtu usimpe, hata mtu huyo awe malaika. Mkaguzi wa hesabu hafundishwi hili na Shangazi, nadhani.

Kuhusu safari yenyewe, nina shauri moja kubwa na mengine madogo.

Kubwa ni hili: usirudi na gari la ofisi Ijumaa. Omba mapema, kwa maandishi, kwamba kazi ikiisha Ijumaa ubaki Mombasa hadi Jumapili kwa gharama yako, na Jumatatu uwe ofisini. Taja wazi kwamba malazi, chakula na nauli ni juu yako. Hilo linakulinda wewe na ofisi pia: ukiteleza ukavunjika mguu Jumamosi, kila mtu ajue ulikuwa katika wakati wako. Kuna treni ya mchana na ya usiku kutoka stesheni ya Miritini hadi Nairobi, kisha unapanda matatu ya Nakuru. Kata tiketi mapema maana mwisho wa wiki hujaa, na ufike stesheni mapema zaidi, ukaguzi wa mizigo una foleni.

Wakikataa, bado una alfajiri, na alfajiri haihitaji ruhusa ya mtu. Umesema hoteli iko karibu na Pembe za Ndovu. Basi toka saa kumi na mbili na robo jua linapochomoza, piga mguu Moi Avenue kuelekea barabara ya Digo, vuka, uingie Mji wa Kale. Watu wametoka kuswali, vichochoro vimefagiliwa, joto halijaanza. Ufuate Ndia Kuu. Ni njia kuu tu hiyo, sisi Wamvita husema "ndia" mahali watu wengine husema njia, kama tunavyosema "ndoo" kwa njoo, kwa hiyo ukiitwa "ndoo hapa" usitafute ndoo ya maji. Tazama milango ya mbao iliyochongwa na roshani za juu, kisha uufikie Msikiti wa Mandhry, ambao husimuliwa kuwa wa mwaka 1570, na mnara wake wa duara unaopungua kila unavyopanda. Hapo jirani kuna bandari ya kale ya majahazi. Pata mahamri kwa mbaazi, ukipenda na chai ya tangawizi, na saa moja na robo uko hotelini umeoga, gari linakukuta mlangoni. Siku tano ni alfajiri tano. Kuna wenyeji wa hapa ambao hawajautembea mji wao hivyo.

Vaa nguo ya heshima, leso begani yatosha. Usimpige mtu picha kabla ya kumwomba, hasa kina mama na watoto. Na ukipelekwa Likoni kwa lolote, simu ibaki mfukoni kwenye kivuko, kupiga picha pale ni marufuku.

Jioni ni fupi. Mkitoka Changamwe saa kumi na mbili, mkafika kisiwani, jua limekwisha kuzama. Hapo Pembe za Ndovu zinakutosha, zishike basi uchu wake utoke moyoni. Ni za alumini, hakuna ndovu aliyekufa kwa ajili yake, na ukisimama mbali ukaziangalia zinafanya herufi M. Bustani ya Mama Ngina, pale ufukweni, nenda na wenzio, si peke yako: upepo, mibuyu, madafu, muhogo wa kukaanga uliotiwa pilipili na ndimu, viazi karai na ukwaju wake. Na mwalike Madam. Sisemi umbembeleze, sema tu, "Tunakwenda kunywa madafu, twende?" Akikataa, sawa.

Ngome ndiyo isiyoingia katika siku ya kazi. Hufunguliwa saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na saa hizo zote wewe unahesabu magunia. Kwa hiyo iweke Jumamosi, na ufike mlango unapofunguliwa, kabla mawe hayajashika moto na kabla mabasi ya wageni hayajashusha watu. Chukua kitambulisho, kwa sababu Mkenya analipa kidogo sana kuliko mgeni wa nje. Lipia kiingilio rasmi, upate risiti. Ukitaka mtu wa kukutembeza, uliza ndani wakuonyeshe walio rasmi wenye beji, mpatane bei na muda kabla hamjapiga hatua ya kwanza. Yule kijana wa 2,500 alikuuzia mbio. Nakuhakikishia kuna mengi hukuyaona.

Uliona michoro ya mabaharia? Kuna ukuta uliochorwa na Wareno waliokuwa zamu humo, merikebu kwa merikebu, jinsi mtu aliyechoka kungoja anavyochora ukutani. Mimi ndicho ninachokipenda kuliko mizinga yote. Ngome yenyewe walianza kuijenga 1593 kwa ramani ya Mwitalia, Giovanni Battista Cairati, juu ya mwamba wa matumbawe, na ukiitazama kwa juu ina umbo la mtu aliyelala chali. Mwaka 1631 mtawala wa Mombasa, Yusuf bin Hassan, aliwageuka. Wareno hao ndio waliomlea huko Goa, koloni lao la India, wakambatiza jina la Jerónimo. Alimuua kamanda wao akaitwaa Ngome, na baada ya mwaka mmoja akaiacha akaenda zake baharini. Hapo unaweza kusimama ukajiuliza mtoto huyo alikuwa wa nani.

Na ule ukuta uliokuliza, wa upande wa bahari. Waomani waliizingira Ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Walioshikwa ndani hawakuwa Wareno peke yao, walikuwamo Waswahili wengi, wanawake na watoto, na maradhi yaliwamaliza kuliko risasi. Mwaka 1697 meli ya Santo António de Tanna ilikuja kutoka Goa na msaada. Ilizama papo hapo, chini ya Ngome. Mabaki yake yalitafutwa na wapiga mbizi miaka ya 1970, na vyombo vilivyotolewa utavikuta katika makumbusho humo humo. Kwa hiyo mahali uliposimama wewe, kuna watu walisimama karibu miaka mitatu wakitazama mlango ule ule wa bahari. Waomani walipoingia walikuta wachache mno wanaopumua. Ukisimama tena pale Jumamosi, simama ukijua hivyo.

Baadaye Waingereza waliifanya jela, tangu 1895 hadi 1958. Wazee wetu wengine hawakuipenda kuitembelea, kwao "kupelekwa Ngomeni" kulikuwa kufungwa. Mwaka 2011 UNESCO iliitia kwenye orodha ya urithi wa dunia. Na mizinga hiyo, mwanangu, haipandwi. Si punda.

Ukitoka hapo usikimbilie mahali pengine. Kaa kivulini, mwite muuza kahawa, unywe kahawa tungu kwa kashata. Watu wa bara mna ugonjwa wa kutaka kuona vitu kumi kwa siku. Kuna sanamu ya askari ya kuwakumbuka wapiganaji na wapagazi wa Kiafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kuna Mnara wa Mbaraki, kuna magofu ya Jumba la Mtwana huko Mtwapa, na ya Gedi mbali zaidi upande wa Watamu. Yote ni mazuri. Hayo yaache kwa safari ya tatu, maana mali ya godauni huhesabiwa kila baada ya miezi mitatu.

Sasa soko. Marikiti, ambalo Wazungu walilipa jina la MacKinnon, lina umri zaidi ya miaka 100 na lina adabu zake. Usianze na "hii ni ngapi?" Anza na salamu, tena salamu kamili: hujambo, habari za asubuhi, na kwa mzee shikamoo. Lafudhi yako itakutangaza kabla hujafungua mkoba, hilo halifichiki, lakini mgeni mwenye salamu hupewa bei tofauti na mgeni asiye na salamu. Zunguka vibanda vitatu ukiuliza tu, usinunue. Karafuu, iliki, mdalasini na pilipili manga nunua nzima nzima, utasaga nyumbani. Bizari iliyosagwa huwezi kujua imechanganywa na nini. Karafuu ibonyeze kwa ukucha, ikiwa nzuri itatoa mafuta.

Kikopo chako cha 300 hakikuwa na zafarani ndani yake. Zafarani ni nyuzi za katikati ya ua, huchumwa moja moja kwa mkono, nyingi hutoka Iran, na hakuna siku itauzwa kikopo kizima kwa bei ya nyanya. Ulichouziwa ni petali kavu za ua jingine la rangi ya chungwa. Safari hii ukitaka kujua, omba nyuzi mbili uzitie kwenye maji ya vuguvugu. Ya kweli hutoa rangi ya njano polepole, na uzi wenyewe hubaki mwekundu, tena ncha yake moja imepanuka kama tarumbeta. Ya uongo humwaga rangi yote mara moja. Muuzaji akikataa jaribio hilo, mshukuru uondoke. Na ukiona gramu moja tu ya kweli ni ghali, nunua gramu moja. Pilau ya Njoro imeishi bila zafarani miaka yote, haitakufa.

Leso ni barabara ya Biashara, hapo hapo karibu na Marikiti, na ndiko hasa nilikotaka kukupeleka tangu mwanzo. Nenda Jumamosi ukitoka Ngomeni. Usiende Ijumaa mchana, maana maduka mengi hufungwa kwa swala ya Ijumaa. Leso huuzwa doti, vipande viwili vilivyoshikana, na nje kuna mafundi wa cherehani watakaoikata na kuipinda pindo ukingoja. Usiitazame ikiwa imekunjwa, ifungue yote. Angalia pindo, angalia mji wa katikati kama umekaa sawa, kisha pima kitambaa: lowesha ncha kidogo, uisugue kwenye kitambaa cheupe. Ikiacha rangi nyingi, ndiyo ile ya mama inayochuja. Ya pamba hunyonya maji papo hapo, ya nailoni maji huteleza. Zile zilizoandikwa "Mali ya Abdulla" pembeni ni za duka la kale la barabara hiyo hiyo, mama zetu walizivaa na wengine hawataki nyingine.

Na soma jina, mwanangu, usome kabla ya kulipa. Hapa leso si kitambaa tu, ni barua. Nimeona mtu wa bara akimpelekea mama mkwe leso nzuri ajabu, nyekundu na nyeusi, imeandikwa "Wasemao na waseme." Alinunua kwa rangi. Mkwe alilisoma jina mbele ya wageni, na mwaka ule hawakualikwa Krismasi. Kwa mama yako chukua "Nani kama mama," wauzaji wote wanaijua. Ikiwa baraka zimebaki mfukoni chukua ya pili kwa mke wa dereva, nayo uichague kwa kituo: jina la shukrani au la kheri, lisiwe la mapenzi, lisiwe la kijembe. Hujui kusoma vijembe? Mwulize mwanamke yeyote mwenye umri wangu aliye dukani. Atakucheka, atakuita mwanangu, na atakutolea kumi zisizofaa na moja inayofaa.

Picha piga upendavyo. Statasi ibandike Jumapili, ukiwa ndani ya treni.

Shangazi